Jinsi ya kuandaa igizo la wazee kuingia Mto Tana kwa mitumbwi: mwongozo kamili kwa kamati ya kijiji

Mtumbwi wa kwanza unapogusa ukingo na ngoma ikaitika kutoka juu, hata aliyekuja kutazama tu hunyamaza. Nimeliona hilo kijijini kwetu, upande wa chini wa Tana, na ndilo lililonifanya niandike haya. Igizo lenyewe lilichukua dakika ishirini hivi. Maandalizi yalitugharimu miezi sita, na mengi tuliyapata kwa kukosea kwanza.

Ninaandika nikiwa na Wapokomo na mto wao akilini, kwa sababu huo ndio mto ninaoujua. Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya, unatoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare ukatiririka takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi. Wapokomo wamelima kingo zake vizazi na vizazi, na masimulizi yao, kama ya ndugu zao Wamijikenda, yanaitaja Shungwaya kuwa ndiko walikotoka wazee. Jamii nyingine yoyote yenye simulizi ya kufika kwa maji inaweza kuchukua hatua hizi na kuzipindisha kulingana na mto wake.

Jambo moja ningependa kamati ilishike tangu mkutano wa kwanza: nusu ya igizo hili iko majini, nusu iko ukingoni. Wazee walipofika walimkuta mtu. Mtu huyo ana wajukuu, na leo ni jirani zenu. Mkimsahau, mtakuwa mmeandaa mkutano wa kudai ardhi uliovikwa nguo za sherehe, na kwenye Tana tunajua hilo linaweza kuishia wapi.

Hatua ya kwanza: kusanyeni masimulizi (mwezi wa kwanza na wa pili)

Msianze kuandika mchezo. Anzeni kwa kusikiliza. Chagueni vijana wawili wawili kwa kila ukoo, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kurekodi kwa simu. Simu iwe na nafasi ya kutosha, na kabla ya chochote mzee aulizwe, sauti ikiwa tayari inarekodiwa, kama amekubali sauti yake itunzwe na kama amekubali isikike hadharani. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mzee mmoja alitukubalia la kwanza akatukatalia la pili, na tukaheshimu.

Maswali yawe ya mambo yanayoshikika. Walitoka wapi? Walikuja na nini: mtumbwi, miguu, au vyote viwili? Nani alitangulia? Walilala wapi usiku wa kwanza? Walikula nini? Walimkuta nani, na walisemezana kwa lugha gani? Nani alikufa njiani? Swali la mwisho hutoa simulizi ambazo hakuna aliyezitarajia.

Waendeeni akina mama pia, na muwaendee peke yao, bila baraza la wazee kukaa kando. Nyimbo za kubembelezea watoto na nyimbo za shambani zina majina ya mahali na ya watu ambayo hayamo katika simulizi za baraza. Kumbukeni kwamba hata wimbo wa taifa wa Kenya ulipata sauti yake kutoka kwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo.

Masimulizi yatagongana. Huenda ukoo mmoja ukasema ulipanda mto kutoka baharini, mwingine ukasema ulikuja kwa miguu ukaukuta mto. Wanahistoria wenyewe wamebishana miaka mingi kuhusu Shungwaya ilikuwa wapi. Wengi huiweka kaskazini ya Lamu kuelekea Somalia, na wapo wanaotilia shaka kama wote wanaoitaja walitoka huko kweli. Kamati isijifanye hakimu. Tulilolifanya sisi, na lililotuletea amani, ni kumpa msimulizi maneno haya: “Ukoo huu wasema hivi, ule wasema vile, nasi tunavisema vyote viwili.” Wazee waliokuwa wamenuniana walikaa mkeka mmoja siku hiyo.

Yapo yasiyosemwa hadharani. Baraza la wazee, gasa, lina mambo yake, na mzee akisema “hilo liacheni,” liacheni bila kuuliza mara ya pili. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, kwa hiyo andikeni kwenye kumbukumbu za kikao nani alitoa ruhusa ya wimbo gani na kwa matumizi gani. Karatasi hiyo itawasaidia siku mgeni mwenye kamera atakapotaka kuuza alichokipiga.

Hapa niseme neno juu ya ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo. Maofisa wa kikoloni waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Kila kamati inayoandaa sherehe ya Wapokomo hufika mahali mtu akapendekeza kutengeneza ngadji ya bandia ili igizo lipendeze. Mimi napinga. Ngoma ile haikuwa ya kuchezea. Tumieni ngoma za kawaida za kijiji, na msimulizi aseme wazi kwamba ipo ngoma ambayo haiko hapa, na kwa nini haiko. Kimya cha sekunde chache baada ya maneno hayo kinatosha.

Hatua ya pili: nendeni kwa walio ukingoni

Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika Delta ya Tana katika mapigano kati ya Wapokomo na wafugaji Waorma. Mashamba, malisho, njia za kufikia maji na siasa za uchaguzi vilichanganyika. Mtu yeyote anayetaka kusimama hadharani pale na kusema “hapa ndipo wazee wetu walipofika” lazima ajue kwamba sentensi hiyo ina uzito.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mahali, tumeni wajumbe. Wasiwe vijana, wawe wazee wanaojulikana, pamoja na mama mmoja au wawili wenye ukoo au ujamaa upande wa pili, maana ndoa na utani vimevuka mto huu tangu zamani. Waende kwa Waorma, kwa Wata, jamii ya wawindaji, na kwa wengine mnaoishi nao: Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, kutegemea mko sehemu gani ya mto. Wasiende na ratiba iliyokwisha kupangwa. Waende na swali: ninyi mnasimuliaje siku mlipokutana nasi?

Wata ni muhimu kuliko kamati nyingi zinavyodhani. Masimulizi mengi ya pwani yanawataja wawindaji waliokuwa tayari msituni wakulima walipofika. Mara nyingi katika maigizo wanapewa dakika mbili, kijana wa Kipokomo akajifunga ngozi na kushika upinde, watu wakacheka. Hilo ni tusi. Nafasi ya Mwata ichezwe na Mwata, aseme kwa lugha yake, na aamue mwenyewe atasema nini. Vivyo hivyo Waorma. Simulizi yao ya mkutano huo ikiwa haiwapendezi Wapokomo, bado isikike. Jaribuni kupata mambo mawili ambayo pande zote zinakubaliana, hata kama ni madogo: kwamba walibadilishana maziwa na nafaka, kwa mfano. Hayo mawili ndiyo yawe kilele cha igizo.

Halafu afikianeni kwa maandishi juu ya jambo moja: hakuna atakayetumia igizo, picha zake au maneno yake kama ushahidi wa umiliki wa ardhi. Sisi tuliyasoma maneno hayo hadharani kabla ya mtumbwi wa kwanza kuonekana, kwa lugha tatu.

Hatua ya tatu: mahali na siku

Mto wa leo si mto wa wazee. Tana hukata kona zake na kuziacha. Maziwa kama Shakababo karibu na Ngao ni mabaki ya mkondo wa zamani. Hata mahali mto unapomwagia maji baharini pamehama: karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na baadaye maji mengi yakafuata njia hiyo hadi Kipini. Basi msishangae mkimfuata mzee hadi “gati la kwanza” mkajikuta katikati ya shamba la migomba. Tembeeni naye, wekeni alama, fanyeni dua fupi pale, kisha tafuteni ukingo wa leo ulio salama. Msimulizi atasema wazi kwamba penyewe ni kule ng’ambo ya migomba. Watu hupenda kuambiwa ukweli wa namna hiyo, na wengi wataenda kupaona baadaye.

Ukingo unaofaa una mteremko wa taratibu, udongo mgumu au mchanga, maji yanayokwenda polepole upande wa ndani wa kona, na uwanja juu yake wenye miti ya kivuli. Epukeni upande wa nje wa kona. Pale mkondo huchimba chini na ukingo unaweza kumeguka ukiwa na watu mia wamesimama juu. Epukeni pia matete marefu, kwa sababu ya mamba. Na ulizeni kama mahali hapo ni malka, yaani njia ya mifugo kushukia mtoni. Kufunga malka hata kwa siku moja, wakati wa kiangazi, bila makubaliano na wafugaji, ni kuanza ugomvi kwa mikono yenu. Ikiwa hapana budi kuitumia, kubalianeni saa: ng’ombe wanywe kwanza, igizo lifuate.

Kuhusu tarehe, mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, huku kwetu na huko juu mto unakotoka. Yanayonyesha juu ndiyo yanayotufikia. Januari, Februari, Agosti na Septemba kwa kawaida mto huwa mtulivu, ingawa mwishoni mwa kiangazi mafungu ya mchanga hujitokeza na mitumbwi hukwama. Sisi tungependelea Agosti. Fuatilieni pia habari za mabwawa ya juu, Masinga likiwa la kwanza: likijaa na kufurika, tahadhari hutolewa redioni, na maji hayo hutufikia baada ya siku kadhaa hata kama kwetu jua linawaka. Wekeni siku ya akiba, wiki mbili baadaye, na mkubaliane mapema kwamba mwenyekiti wa usalama ana haki ya kuahirisha bila kupigiwa kura.

Jumamosi hufaa. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi ni za ibada; upande wa juu wa Tana wengi ni Waislamu, upande wa chini wengi ni Wakristo, na igizo zuri hualika wote. Angalieni kalenda ya Ramadhani. Kaeni mbali na msimu wa kampeni: uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na mwanasiasa akipata kipaza sauti mbele ya umati wa namna hii, mtumbwi utasubiri majini mpaka jua lizame.

Hatua ya nne: taarifa na vibali

Hii ni fupi ila msiiruke. Anzeni kwa chifu na naibu wake, kisha afisi ya naibu kamishna wa kaunti. OCS, yaani mkuu wa kituo chenu cha polisi, apewe barua. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na hata kama sherehe ya utamaduni inatazamwa tofauti na mkutano wa siasa, barua hiyo iliyopigwa muhuri huwafungia mlango wenye fitina. Idara ya utamaduni ya kaunti inaweza kusaidia viti, mahema au vyombo vya sauti. Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, waandikieni mwezi mzima kabla, kwa sababu ya viboko na mamba. Msalaba Mwekundu waombeni watu wa huduma ya kwanza. Zahanati ya karibu ijue siku na saa. Nakala za barua zote mtu mmoja azibebe kwenye faili siku yenyewe.

Hatua ya tano: mitumbwi, na kutopoteza mtu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Mwishoni mwa Aprili 2024, wakati wa mafuriko, boti iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka Kona Punda karibu na Madogo, na watu wakapotea. Ile ilikuwa safari ya lazima. Yenu ni ya hiari, kwa hiyo hamna kisingizio.

Msichonge mitumbwi mipya kwa ajili ya igizo. Msitu wa kando ya mto ni mwembamba na umeliwa vya kutosha. Azimeni ya wavuvi na wavushaji, kwa malipo, na kila mtumbwi uje na mwenyewe. Mwenye mtumbwi ndiye nahodha wake. Hakuna mwigizaji, hata akiwa ndiye “mfalme” wa mchezo, atakayeshika kafi ya nyuma badala yake. Mwenyewe anajua unavyoegemea upande gani na ufa wake uko wapi.

Wiki mbili kabla, kagueni kila mtumbwi ukiwa nchi kavu, kisha majini. Upakieni watu na mzigo uleule wa siku ya igizo. Kati ya maji na mdomo wa mtumbwi ibaki shibiri nzima. Pungufu ya hapo, shusheni mtu. Mitumbwi mitatu hadi mitano inatosha kabisa. Tulipoanza tulitaka kumi na mbili. Mzee mmoja akatuuliza tunaigiza kufika au vita. Tukapunguza hadi minne, na ikapendeza zaidi, maana kila mmoja ulionekana peke yake ukitokea kwenye kona.

Kila aliyemo majini avae jaketi la kuokolea. Najua linaharibu sura ya zamani. Lifunikeni kwa shuka au ngozi iliyolegea isiyozuia mikono, ila msilifunge chini ya nguo zinazobana, na msilivue. Wasio na uwezo wa kuogelea wabaki ukingoni. Kuna kazi nyingi huko. Watoto, wajawazito na wazee wenye maradhi wasipande. Mtoto anayetakiwa na hadithi anaweza kutokea nyuma ya mti mitumbwi ikishafika, akakimbilia mbele, na watazamaji wataamini alikuwemo.

Kwa mitumbwi minne tuliweka boti mbili za injini: moja juu ya mkondo, moja chini, ile ya chini ikiwa na waogeleaji wawili, kamba na maboya. Hiyo ya chini ndiyo muhimu, kwa kuwa anayeanguka huchukuliwa kuelekea huko. Injini ziwashwe na kujaribiwa asubuhi, kisha zizimwe ili zisiharibu sauti, mwendeshaji akiwa amekaa mahali pake. Kubalianeni ishara za firimbi: moja ndefu, sitisheni safari; mbili, rudini ukingo ulio karibu; tatu, mtu yuko majini. Mshika firimbi ni mmoja tu, na asiwe na kazi nyingine.

Viboko hurudi majini alfajiri na kutoka jioni; kukaa kati ya kiboko na maji ni hatari kuliko kumwona akiwa majini. Kwa hiyo igizo lifanyike kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kabla upepo wa mchana haujapanda. Saa moja asubuhi, kabla ya igizo, askari wa wanyamapori na wavuvi wapite sehemu yote ya mto kwa boti. Wakiona kiboko na mtoto wake, ahirisheni au hamieni ziwa tulivu lililokaguliwa. Watazamaji wawekewe kamba hatua kumi kutoka kwenye maji, na mtu wa kuilinda.

Na jambo nililolijua kwa kuona: mtumbwi hupinduka ukifika. Katika mazoezi yetu ya kwanza, ngoma za ukingoni zilipoitika, waigizaji wote wa mtumbwi wa pili walisimama kwa furaha kwa wakati mmoja. Ukajaa maji hatua tano kutoka nchi kavu, kwenye kina cha kiuno, tukamvuta kila mtu akicheka na kutetemeka. Tangu siku hiyo tuliweka amri: hakuna anayesimama mpaka omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, imeingia mchangani, vijana wawili wameishika, na nahodha ametaja jina la mtu. Wanashuka mmoja mmoja, wa mbele kwanza. Baadaye tuligundua kwamba kuita majina kulikuwa kuzuri kuliko chochote tulichoandika kwenye mchezo, tukakufanya sehemu ya igizo: nahodha anaita majina ya wazee wa ukoo, na kila jina linashuka.

Hatua ya sita: mchezo wenyewe

Majini maneno hayasikiki. Mkiandika mazungumzo marefu ya mtumbwini, mtayasikia ninyi peke yenu. Safari isimuliwe na msimulizi aliye ukingoni mwenye kipaza sauti, huku mitumbwi ikionyesha kwa vitendo: kupiga kafi, kuchota maji yaliyoingia, kumwekea mgonjwa kivuli. Wimbo wa kupiga makafi ndio pekee unaovuka maji vizuri.

Mpango uliotufaa ni huu. Kwanza ukingo: Mwata anapita na upinde, anaona moshi mbali, anaita wenzake. Wafugaji wanafika kunywesha. Watazamaji wanakaa na wenyeji hawa kwa dakika tano nzima kabla ya kuona mtumbwi wowote, na wanaanza kuusubiri mto kama wao walivyousubiri. Ndipo wimbo unasikika kutoka kwenye kona. Mtumbwi wa kwanza unasimama mbali. Pande mbili zinatazamana bila neno. Msiuharakishe wakati huo. Wacheni watu wasikie maji. Kisha mtu mmoja anashuka mikono mitupu. Wanajaribu lugha, hawaelewani, mmoja anaonyesha kibuyu, mwingine anaonyesha nafaka. Baada ya hapo ndipo kuita majina, kupandisha mzigo, na usiku wa kwanza.

Lugha iwe ya mwenyewe. Wapokomo waseme Kipokomo, Waorma na Wata waseme zao, Kiswahili kiwe cha msimulizi peke yake. Watu wengine watalalamika hawaelewi kila neno. Wazee wa siku hiyo nao hawakuelewa.

Hatua ya saba: mavazi na mzigo

Pigeni marufuku kanga, leso na kaniki katika mitumbwi kama simulizi yenu ni ya kale. Kanga ni vazi la karne ya 19. Ulizeni wazee juu ya ngozi na nyuzi za miti, na mkikosa jibu tumieni nguo za rangi ya udongo zisizo na maandishi. Mzigo nao una historia. Mahindi na mihogo vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1500, kwa hiyo mtumbwi wa kabla ya hapo ubebe mtama, kunde na migomba. Wekeni mitungi ya udongo, vibuyu, mikeka ya majani ya mkoma, migono ya kuvulia samaki, jembe la chuma, na kijinga cha moto ndani ya chungu chenye mchanga. Kijinga hicho ndicho kitakachowashia jiko la karamu baadaye. Jerikeni za plastiki, saa za mkononi na ndara zikaguliwe kabla ya kupanda. Tulisahau ndara moja ya buluu, na ndiyo iliyoonekana katika picha zote.

Hatua ya nane: mazoezi

Manne yanatosha: mawili nchi kavu, mitumbwi ikiwa imechorwa kwa mstari mchangani ili kila mtu ajue mahali pake, la tatu majini bila mavazi, la nne na kila kitu, saa ileile ya siku yenyewe, boti za uokozi zikiwepo. Katika la tatu, mwogeleaji mmoja ajitupe majini kwa makusudi bila waigizaji kuambiwa, wa boti pekee wakijua. Hesabuni sekunde mpaka ashikwe. Mkipita nusu dakika, rudieni.

Pesa na chakula

Mpangilio wetu wa matumizi, wa kwanza hadi wa mwisho: uokozi, malipo ya wenye mitumbwi, chakula, maji ya kunywa na kivuli, sauti, na fulana zikibaki pesa. Michango ya kila ukoo ikusanywe kwa namba moja ya simu ya kamati yenye watia saini watatu, na hesabu ibandikwe kwenye ukuta wa duka kila Jumamosi. Pesa za mwanasiasa mmoja zisizidi za ukoo wowote. Akitaka kutoa zaidi, atoe mchele. Chakula kipikwe na akina mama wa pande zote, kila upande na sufuria zake na mapishi yake, na nyama ichinjwe na Mwislamu ili wote wale. Akina mama hao walipwe. Wao pia waachiwe nafasi ya kuliona igizo: sufuria ziinjikwe baada ya mtumbwi wa mwisho kufika.

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi kamati ya usalama iko mtoni na inaangalia kijiti chenye alama kilichochomekwa jana jioni. Maji yamepanda kiganja kizima? Ahirisheni. Saa moja, ukaguzi wa mto. Saa mbili, dua na sala, za Kiislamu na za Kikristo, fupi zote mbili, na maneno ya gasa kama wataona yafaa. Kila anayepanda anaandikwa jina kwenye daftari, na anaandikwa tena anaposhuka. Mtunza daftari haondoki mpaka majina yalingane. Saa tatu na nusu, yale makubaliano ya kutodai ardhi yanasomwa. Halafu kipaza sauti kwa msimulizi, na wageni wa heshima wahutubie baada ya chakula, watu wakiwa wameshiba.

Baada ya igizo

Wenye mitumbwi walipwe siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama, na mtumbwi uliopata ufa utengenezwe kwa pesa za kamati. Ukingo usafishwe kabla ya mifugo kushuka asubuhi. Ndani ya wiki moja itisheni kikao cha pande zote, wajumbe walewale wa hatua ya pili, waulizwe nini kiliwaumiza na nini kibadilishwe. Kwetu Waorma walisema wenyeji walisimama kama watu wasio na kazi. Tukakubali, na safari ijayo watakuja na ng’ombe wa kweli.

Rekodi za wazee zinakiliwe mara tatu: moja kwa familia ya mzee, moja maktaba ya shule, moja kwa gasa, kila moja na karatasi inayosema nani anaruhusiwa kuisikiliza. Zipelekwe kwa mkono, na mapema. Wawili kati ya wazee waliotusimulia hawakuufikia mwaka uliofuata. Familia ya mmoja wao ilipiga sauti yake kwenye matanga, akieleza alivyoambiwa na babu yake namna mtumbwi ulivyoikata kona ile.